Napoleon Amemaliza Sukari Yangu

Kalemie tumezoea wageni. Wapo wanaoshuka bandarini kutoka Kigoma na Uvira, wapo wanaoteremka kwenye garimoshi la Kabalo siku linapojisikia kusafiri, wapo wale wa magari meupe yenye antena ndefu wanaokuja kutuuliza tunaishije. Wote hao nimewavumilia. Ila finalisti katika wiki ya Exetat ni mgeni wa namna yake: haombi kitanda, haulizi chakula kitaiva saa ngapi, na haondoki.

Kwa msomaji aliye mbali na huku, finalisti ni mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari, yule aliyebakiza hatua moja awe mtu. Hatua yenyewe ndiyo Exetat, mtihani wa serikali uliopo tangu 1967, mmoja kwa nchi nzima, kuanzia Matadi kule mtoni mpaka kwetu ziwani. Kwanza kuna insha na Kifaransa cha kuzungumza, halafu baada ya wiki kadhaa zinakuja siku nne za karatasi za kuchagua majibu. Historia haina siku yake. Imebanwa ndani ya karatasi ya maarifa ya jumla, wanayoiita culture générale, bega kwa bega na jiografia na uraia. Mtoto anaweza kuisoma dunia nzima, toka Mesopotamia mpaka Umoja wa Mataifa, akaulizwa maswali ya kuhesabika kwa vidole. Kwa hiyo hasomi. Anangoja ile wiki ya mwisho, ndipo anakuja kwangu.

Mpwa wangu, kwa mfano. Mwaka mzima sijamwona akishika daftari la historia ila siku alipolitumia kupepea mkaa. Juni ilipoingia akaanza kutembea nalo kwapani, akilala analiweka chini ya mto, eti maneno yanapanda yenyewe usiku. Kwangu ndiko kwenye paneli ya jua juu ya bati na betri kubwa niliyoinunua kwa ajili ya redio, taa moja na starehe ya uzee wangu. Umeme wa mji una ratiba zake na siingilii mambo ya wakubwa. Basi jioni moja kijana akaja na wenzake nyuma yake, wakasimama mlangoni kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa vijana wa mtaa huu.

"Papa, tunaomba tu kamwanga kadogo."

Kamwanga kadogo! Wakaingia yule mrefu anayeinama kila mlango, binti wa jirani muuza ndagala, pacha wawili wanaobishana wao kwa wao, na kijana mmoja mkimya ambaye sijui ni wa nani. Huyo mkimya hakuleta daftari. Alileta kikombe.

Namna wanavyosoma inahitaji uvumilivu wa padri. Somo limeandikwa kwa Kifaransa, linaelezwa kwa Kiswahili, na likishindikana linatukanwa kwa Kiluba. Daftari la binti limekaa sana sokoni karibu na biashara ya mama yake, kwa hiyo Kongamano la Vienna linanuka samaki wakavu. Ukilifungua, paka wangu anaamka. Yule mrefu hataki kuelewa chochote, anataka namba tu. 1648 Westphalia, 1776 Marekani, 1789 Ufaransa. Anaziimba akitembea sebuleni, na kwa sababu ya urefu wake kila akifika 1848 anagonga taa. Ameniambia kwamba namba ya siri ya simu yake ni mwaka wa mapinduzi fulani. Sikumuuliza yapi, nilihesabu mwenyewe na kuona kwamba kwa mwizi aliyesoma, simu hiyo haina siri yoyote.

Lakini shida kubwa ilikuwa mpangilio. Kila jioni walianza upya kutoka 1789, kwa sababu kila jioni alikuwepo mmoja ambaye jana hakuja. Wanavamia Bastille tarehe 14 Julai, wanamkata kichwa Louis XVI Januari 1793, wanambishia Robespierre, wanamtawaza Napoleon 1804. Wakifika hapo wamechoka, mate yamewakauka, na mpwa wangu anatangaza mapumziko ya chai. Baada ya chai hakuna historia, ni hadithi za mpira. Kesho yake, Bastille tena. Napoleon huyo alitia Ulaya yote mfukoni, halafu akaja Kalemie kunimalizia sukari. Jioni moja nilificha kopo. Yule mkimya akalikuta bila kuinuka kwenye kiti.

Usiku mmoja walijikaza wakafika Waterloo, Juni 1815. Pacha mmoja akauliza Waterloo iko wapi. Ubelgiji, akajibu mwenzake. Basi Wabelgiji ndio walimshinda Napoleon, akasema yule mrefu, akataka kuandika hivyo. Binti wa ndagala akamzuia: Ubelgiji haikuwepo, imezaliwa 1830.

Pakawa kimya. Niliona hesabu ikitembea usoni mwa mpwa wangu.

"Papa," akasema, "nchi imezaliwa 1830, na 1885 mfalme wake alikuwa tayari na Kongo yote? Miaka 55 tu?"

Nikamwambia ndivyo. Na kama anapenda hesabu, sisi uhuru tumepata 1960. Aongeze miaka 55 aone tulichopata. Akaongeza. 2015. Mwaka huo Katanga ilikatwa vipande, nasi tukapata mkoa wetu wa Tanganyika. Wao walipata nchi kubwa kuliko yao mara zaidi ya sabini, sisi tulipata gavana. Walicheka, halafu wakaniuliza kama hiyo huulizwa. Sikujibu, maana nilikuwa nimeanza kukasirika, na hasira yenyewe nitaieleza.

Sina ugomvi na Westphalia. Waliopatana huko 1648 walikuwa na sababu zao. Ila nilichukua lile furushi la fotokopi za itemi, yaani maswali ya mtihani, za miaka iliyopita, zile wanazouziana kwa bei ya kuku, nikalipitia lote kwa miwani. Swali lina majibu kadhaa yaliyopewa namba, mtoto anatafuta moja lenye sura ya ukweli. Asipojua anachagua lile refu kuliko yote, kwa imani kwamba mwongo hana muda wa kuandika sana. Wakati huohuo, historia ya dunia imepita hapa mlangoni kwetu na viatu vyake vyenye tope, imekaa, imepiga risasi, imezamisha meli. Nami katika furushi lile sikuona hata tope.

Chukua Berlin. Hiyo wote wanaijua kama sala: mkutano ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884, ukafungwa 26 Februari 1885. Mwenyekiti Bismarck. Vizuri. Nikawauliza, Desemba 1884, mabwana wakiwa bado mezani kule Berlin, nini kilitokea huku kwetu pwani ya kusini? Wakatazamana. Nikawaambia kwamba Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga kituo Mpala, alituma watu kumpiga Lusinga, mtemi wa Watabwa. Walimuua na kumkata kichwa. Fuvu lake likapakiwa, likavushwa bahari mpaka Brussels, likaingizwa kwenye mikusanyo ya jumba la makumbusho likiwa na namba yake. Kwa hiyo mkutano wa Berlin haukuwa karatasi tu. Ulikuwa na kichwa cha mtu wa hapa, mtu ambaye wajukuu wake huenda wanapanga foleni nawe kwenye kituo cha mtihani.

Binti aliacha kuandika. Hata yule mkimya alishusha kikombe.

"Mwaka?" akauliza yule mrefu.

Nikasema tena, 1884.

"Sawa papa, lakini ile haiko mu itemi. Banaulizaka Bismarck."

Nilitoka nje kupunga upepo wa kiangazi. Unafaa sana kwa watu wenye presha.

Usiku wa mwisho ndio uliobeba kila kitu, maana walikuwa bado wameketi na Napoleon Sainte-Hélène na mtihani ni kesho. Kuanzia 1815 mpaka leo kwa usiku mmoja! Mpwa wangu alichukua beseni la maji baridi akatumbukiza miguu, kwani amesikia kwamba usingizi huingilia nyayoni. Pacha wakatumbukiza ya kwao upande wa pili. Viwanda vikapita, Bismarck akapita tena, Ujerumani ikaungana 1871, na mnamo saa tano usiku wakamuua Franz Ferdinand mjini Sarajevo, 28 Juni 1914, maji yakimwagika sakafuni kwangu.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Vita Kuu ya Kwanza ni ya kwetu. Sisemi kwa majivuno. Ukienda ufukweni unakanyaga ilipopigwa. Niliwaamuru wafunge madaftari.

Niliwaambia kwamba mnamo Agosti 1914, vita ikiwa haijamaliza mwezi, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilivuka ziwa na kuipiga meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune hapahapa kwenye mlango wa mto Lukuga, ikaiacha haifai. Ziwa lote likawa la Mjerumani. Waingereza wakatafakari, wakaona dawa ni kuleta boti mbili za injini kutoka London. Aliyepewa kazi hiyo ni Geoffrey Spicer-Simson, afisa ambaye wakubwa wake walikuwa wamemchoka, mwenye michoro ya chale mwili mzima. Akataka boti ziitwe Cat na Dog, yaani Paka na Mbwa. Wakamkatalia. Akaziita Mimi na Toutou, ambazo kwa watoto wa Ufaransa ni paka na mbwa vilevile, wakamkubalia.

"Anaongopa," pacha mmoja akamnong'oneza mwenzake. Nikajifanya sikusikia.

Boti hizo ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town, zikapandishwa treni hadi Katanga. Fungurume reli ikaisha. Kuanzia hapo zikaburutwa kwenye milima ya Mitumba, kwa mashine za mvuke na ng'ombe na mamia ya watu wakikata miti na kujenga madaraja, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Halafu treni nyingine kidogo, halafu mto Lualaba, halafu Kabalo, halafu garimoshi la Kabalo mpaka huku mwishoni mwa Oktoba. Yule mrefu alipinga jambo moja tu katika hadithi nzima: kwamba garimoshi la Kabalo lilifika. Nikamweleza kwamba ilikuwa 1915, reli ilikuwa mpya.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku moja baada ya Noeli, Mimi na Toutou zikatoka na kuikamata meli ya Wajerumani Kingani mbele ya macho ya mji. Wakaitengeneza, wakaiita Fifi. Februari 9, 1916, wakaizamisha Hedwig. Spicer-Simson akawa anatembea ufukweni amevaa sketi aliyoibuni mwenyewe, na watu wa hapa wakampa jina la kumtania kuhusu hilo vazi la tumboni. Siku moja baada ya Hedwig kuzama ikajitokeza ile kubwa, Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikatiwa makashani, ikavushwa bahari na kuletwa kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa tena. Spicer-Simson akaitazama kwa darubini. Wenzake wanangoja amri. Akaamua kubaki nchi kavu.

"Alifanya vizuri," akasema yule mkimya. Ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akisema nyumbani kwangu, na hadi leo ni ya pekee.

Nikamaliza: Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen Julai 1916 walipokuwa wanaikimbia Kigoma, baada ya kuipaka grisi mitambo yake ili isiharibike. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Ndiyo ileile Liemba iliyobeba babu zenu na mizigo ya dagaa. Chombo cha vita vya dunia kilichopandwa na kuku.

Nilitegemea makofi kidogo. Mpwa wangu alikuwa ametoa miguu kwenye beseni, mdomo wazi. Nikadhani nimempata. Kisha akatazama saa ya simu.

"Papa, ni saa saba. Na bado hatujamaliza Versailles."

Ikawa mbio. Versailles wakaisaini tarehe 28 Juni 1919 wakiwa wamesimama. Mapinduzi ya Oktoba yakawaletea vurugu, kwa sababu yametokea Novemba kwa kalenda ya sasa, na pacha walitaka kumjua aliyekosea. Hitler aliingia na kutoka kabla sijafunga dirisha. Yalta wakaiita Malta. Nilisema neno kuhusu Shinkolobwe, kwamba urani ya Katanga yetu ilikwenda Marekani na kutumika kwa bomu la Hiroshima. Binti akaniandikia pembeni mwa ukurasa kwa heshima, nadhani ili ninyamaze.

Kufikia vita baridi nikajaribu mara ya mwisho. Nikawaambia Che Guevara, yule wa kwenye fulana zao, alivuka ziwa hili kutoka Kigoma Aprili 1965, akaweka kambi Kibamba, kaskazini yetu upande wa Fizi, akakaa na waasi mpaka Novemba, halafu akaondoka amekata tamaa. Na kwa kuwa alitaka kujificha, yeye na wenzake wakapeana majina ya Kiswahili kwa kuhesabu. Dreke aliitwa Moja, Tamayo akaitwa Mbili, na Che mwenyewe Tatu.

Yule mrefu, aliyekuwa amelala huku ameketi, akashtuka na kushika kalamu. "Tatu," akasema, na kuandika: jibu ni 3.

Wenzangu wa rika langu watasema sisi tulisoma kwa bidii zaidi. Wasiniharibie jina. Sisi tulisoma zama za Zaire, ambapo historia ilikuwa na sura mbili: giza, halafu Mobutu. Ukishajua kwamba chama chake cha MPR kilianzishwa tarehe 20 Mei 1967, ulikuwa umeshika nusu ya silabasi, na nusu iliyobaki ulikuwa unaicheza uwanjani kwa ngoma. Hawa angalau wana Mesopotamia.

Asubuhi wakatoka wamevaa nguo za shule za bluu na nyeupe, zimepigwa pasi kwa mkaa wangu. Kalamu zao za biki zilikuwa zimeombewa tangu Jumapili. Pacha walikuwa na mafuta ya upako mpaka kwenye kifuniko. Mama wa binti alikuja na mikate ya kukaanga, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kwangu kuna podari ya mtoto, maana dukani hupanda bei ikikaribia siku ya matokeo. Huku mtoto akifaulu anamwagiwa podari kichwani mpaka anafanana na mtu aliyetoka mashine ya unga, na mtaa mzima unapiga kelele. Mtihani wenyewe haujaanza, podari inatafutwa! Nikamwambia ninayo. Nilimwambia pia ni kopo moja tu, na mpwa wangu ndiye wa kwanza, kama mambo yatafika huko.

Mchana walirudi kwa pamoja, njaa imewatangulia mlangoni. Niliwauliza imekuwaje. Wakasema karatasi ilikuwa nyepesi, nyepesi kabisa, hakuna hata mmoja aliyeona ugumu. Wakaketi kulinganisha majibu. Ndani ya dakika chache nikaelewa kwamba wamekubaliana karatasi ilikuwa nyepesi na wamehitilafiana katika kila jibu. Pacha walikaribia kushikana mashati kwa ajili ya vita ambayo sikujua ni ipi. Binti alikuwa amekunja mikono na kutabasamu, jambo ambalo liliwatia hofu wote.

Bukari, ugali wetu wa huku, ilipoisha, na mboga, na ile ndagala niliyokuwa nimeiweka ya jioni, yule mrefu akavuta mfuko kutoka chini ya meza na kutoa furushi jingine la fotokopi. Hilo lilikuwa na duara na mishale.

"Papa," mpwa wangu akasema, "sasa ni kemia. Wenzetu wa shule nyingine nao wamesikia habari ya hapa, wako njiani."

Nikawaambia betri imekufa. Imekufa kabisa, tangu asubuhi, na fundi amesafiri Moba.

Yule mkimya akainuka, akaipiga betri kofi ubavuni, taa ikawaka.